Pipa la Papa na Komunike Niliyoisoma Mwenyewe

Mpendwa Papa,

Pipa lililolipuka kwenye kamiyo, lori la vifusi, lilikuwa lako. Nakuambia wewe kwanza, kabla ya mhariri wangu, kwa sababu nikishampelekea yeye habari hii haitakuwa tena ya nyumbani kwetu.

Unajua kazi yangu. Nimeripoti vita, kipindupindu na boti zilizozama, na wasikilizaji wamezoea sauti yangu kuwa ileile, iwe ni bei ya maharagwe au ni maiti. Wewe mwenyewe ulinitania siku moja ukasema ninasoma habari kama mtu anayehesabu misumari. Sasa nimekaa mbele ya karatasi tangu asubuhi na sijaandika sentensi moja ya kupeleka kazini. Basi ngoja nikuandikie wewe, kwa mpangilio, kama ninavyofanya siku zote.

Moto ulianza mchana wa kiangazi, mtaani Ndosho, kwenye safu ya nyumba za mbao nyuma ya karakana. Unazijua mbao zile, zimekauka mpaka zinalia mtu akizigusa. Karakana yako, ambayo mdogo wangu Paluku ameiendesha tangu ulipoondoka, iliungua pamoja na nyingine. Hakuna aliyefia motoni. Baada ya hapo kamati ya dharura ikatoa komunike, tangazo la kulegeza kanuni za kusafirisha vifaa vya hatari, ili vifusi viondoke upesi. Siku ya tatu ya komunike hiyo, kamiyo moja iliwaka moto ikiwa njiani kwenda kumwaga majivu. Mpakizi mmoja, Bahati, alifariki. Mwenzake, Mama Zawadi, aliungua uso na mikono. Kamati inasema Mama Zawadi alimwagia majivu petroli akidhani ni maji. Kesho saa nne asubuhi wanakutana ili kuamua kama komunike iendelee.

Mimi najua haikuwa petroli. Nikiandika kilichokuwa ndani ya pipa, nitaulizwa pipa ni la nani, na jibu ni Paluku. Wanaweza kumfunga. Nisipoandika, Mama Zawadi atabaki mtu aliyemuua mwenzake, na kesho kamiyo zitarudi kubeba yaliyobaki, na najua kuna nini katika yaliyobaki.

Papa, mimi nilijua. Hilo ndilo lililonishtua kuliko moto wenyewe.

Ulinifundisha nikiwa na miaka saba, kabla sijajua kusoma vizuri. Ulifungua kifuniko cha pipa, ukatoa jiwe moja la kijivu, ukaniwekea kiganjani. Karbire. Lilikuwa jepesi na la vumbi, halikuwa na ajabu yoyote. Ukaniuliza, "Inakuunguza?" Nikasema hapana. Kisha ukachukua jiwe lingine, ukaliweka chini kwenye mwamba wa lava, ukalitemea mate. Likaanza kuchemka lenyewe, likatoa povu, na harufu ya kitunguu saumu ikanijaa puani. Ukasogeza njiti ya kiberiti inayowaka, uliyoifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, na mwali ukaruka, mweupe, mahali ambapo hapakuwa na kuni wala mafuta.

"Hii ndiyo inatuunganishia vyuma," ulisema. "Na ni hii itatuua. Maji tu, Masika. Mutu akisikia hii harufu, haulizi. Anatoka."

Watoto wa mafundi wengine walicheza karibu na mapipa ya baba zao. Sisi hatukuthubutu. Pipa lako lilikaa juu ya mawe matatu, kwenye kona iliyokuwa kavu kuliko zote, kifuniko kimezungushiwa mpira, na ndoo ya mchanga kando yake. Maji ya kunywa hukuruhusu yaingie karakana. Wateja walilalamika. Mmoja alisema, "Fundi, hapa kwako mutu anaweza kufa na kiu." Ukamjibu, "Kiu inaua polepole. Kunywa kule inje."

Halafu ule mwaka volkano ilipotapika. Tulikuwa bado tunakaa Murara. Watu walikuwa wanakimbilia mpakani, magodoro vichwani, na mbingu ilikuwa nyekundu. Mama alikuwa amefunga nguo na sufuria kwenye shuka, anangoja chukudu yako, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ije kubeba. Ukaja na chukudu. Juu yake kulikuwa na pipa la karbire, pipa moja tu, limefunikwa na koti lako la mvua, limefungwa kamba mara nne. Hukukubali liwekewe hata kitambaa cha mtoto. Mama akafungua shuka, akatoa sufuria, akanipa mimi niibebe.

Njiani watu walikucheka. Nakumbuka mama mmoja aliyebeba mashine ya kushonea mgongoni. Alikupigia kelele, "Muzee, unakimbiza pipa na kitanda unaacha?" Ukaendelea kusukuma. Ukasema bila kugeuka, "Kitanda haitaua mutu nyuma yangu."

Tulitembea nyuma yako kwa umbali ulioutaka, hatua ishirini, Paluku ameshika sketi ya Mama, mimi nimebeba sufuria. Kila mtu aliyejaribu kuegemea chukudu ulimfukuza. Mji mzima ulikuwa umevunja kila kanuni siku ile: pikipiki watu sita, malori yasiyo na breki, mitungi ya gesi imerundikwa pamoja na watoto. Wewe ulikuwa na pipa moja, kavu, limefunikwa, peke yake, na hakuna mtu juu. Ndiyo kanuni ileile ambayo baadaye niliikuta imeandikwa kwa Kifaransa katika karatasi za serikali, nikacheka kwamba baba yangu aliijua bila kuisoma.

Kanuni hiyo ndiyo waliyoilegeza, Papa. Na mimi ndiye niliyeisoma redioni.

Nataka niwatendee haki. Sababu walizozitoa zilikuwa za kweli. Magari yenye kibali cha kubeba vitu vya hatari yalikuwa ya kuhesabika, na mitaa iliyoungua ilikuwa imejaa mabetri ya sola yaliyopasuka, mitungi ya gesi, mapipa ya rangi. Watu walikuwa wanalala nje kando ya majivu, watoto wanakanyaga misumari. Walitaka uchafu uondoke. Hata mimi nilitaka uondoke. Komunike ilisema kwamba katika kipindi cha usafi, gari lolote linaweza kubeba vifusi vya aina zote, pamoja na vyenye vifaa vya hatari, bila kibali na bila kutenganisha.

Kwenye mkutano na waandishi nilinyoosha mkono. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Madamu, ndiyo."

Niliuliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka takataka iishe, Madamu."

Wenzangu wakacheka, nami nikaandika jibu. Nilikuwa na nafasi ya swali moja nikauliza tarehe. Sikuuliza vitu gani. Mtoto wa fundi wa kuchomelea, nimekaa mita chache kutoka kwa mtu anayeweza kubadilisha sentensi ile, na neno karbire halikunijia hata kidogo. Jioni nikaisoma hewani mara mbili, polepole, ili hata mwenye redio mbovu aelewe.

Siku ya ajali nilitumwa kama kawaida. Niliandika namba ya kamiyo, upande ambao upepo ulivuma, urefu wa alama nyeusi kwenye lami. Kisha nikamtafuta chofa aliyeiendesha, Safari, ambaye alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara na bandeji shingoni. Ni mtu wa maneno mengi, hata siku ile.

"Tulipakia pale kwa mafundi," aliniambia. "Majivu inaruka sana, watu wa soko wanatutukana. Kwa hiyo Mama Zawadi anapanda juu na bido yake ya maji, anamwagia kidogo-kidogo. Hivyo ndivyo tunafanya kila siku. Ni heshima tu, mutu asile majivu yetu."

Papa, unaujua ustaarabu huo. Hakuna mama Goma anayefagia mbele ya mlango wake wakati wa kiangazi bila kunyunyiza maji kwanza. Hata kwa jirani anayemchukia atanyunyiza.

"Kisha?" nikamwuliza Safari.

"Kisha nikasikia harufu. Nikatoa kichwa dirishani, nikamwambia, 'Mama, unapika nini kule juu na sisi hatujakula?' Akanijibu, 'Endesha gari, wewe. Tumbo yako itakuua siku moja.' Bahati akacheka, akasema mimi nimezaliwa na njaa. Nilimwona kwenye kioo anawasha sigara."

"Harufu gani?"

"Kitunguu saumu. Kabisa kama mutu anakaanga."

Nikafunga daftari, nikainuka niondoke. Akaniuliza kama niko mgonjwa. Nikamwambia jua ni kali. Hilo ni neno la uongo la kwanza nililolisema kazini, na nimeliandika hapa ili lihesabiwe.

Nilikwenda karakana kwa miguu. Paluku alikuwa amesimama katikati ya weusi ule na koleo mkononi, anatafuta funguo zake za kufungulia nati. Mawe yako matatu, yale uliyoyapanga upya tulipohamia Ndosho, yalikuwa bado yapo. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Pipa iko wapi?" nikamwuliza.

"Ile ya Papa?"

"Ile ya Papa."

"Iliondoka na takataka, yaya," alinijibu, kama anavyoniita siku zote mimi dada yake mkubwa.

"Ilikuwa na kitu ndani?"

"Nusu." Akaweka koleo chini. "Moto haukuifanya kitu. Manjanja ya paa, bati zile, iliiangukia, ikaifunika vizuri kabisa. Kifuniko tu kilijikunja, na mpira uliungua."

"Na hukuwaambia watu wa kamiyo?"

Alijifuta majivu machoni, akaniangalia. Sijawahi kuona uso wake hivyo, na nimemwona akikuzika wewe.

"Yaya, mimi nilikuwa nangojea gari ya kibali. Siku nne. Nilikaa pale juu ya jiwe nachunga pipa kama mutu anachunga mbuzi. Watoto wanakuja, nafukuza. Mvua hakuna, lakini nilikuwa naangalia juu kila saa. Alafu redio ya jirani ikasema. Ilikuwa sauti yako. Ulisema kila gari, kila kitu, bila kutenganisha. Nikasema, kama yaya anasema, basi wamechunguza. Nikarudi kwa watoto wangu. Watu wa kamiyo walipokuja niliwaonyesha kwa mkono, nikasema bebeni yote."

"Ulijua ni karbire."

"Na wewe ulijua. Ni sisi wawili tulifundishwa."

Tulisimama pale kama watoto waliovunja kitu. Anajua karbire kuliko mimi, Papa. Amechomelea nayo maisha yake yote bila kuungua kidole. Siku nne aliilinda kwa sababu kanuni ilikuwepo, na kanuni ilipoondolewa kwa sauti anayoiamini, akaamini kwamba hatari nayo imepunguzwa na mtu fulani mahali fulani. Mimi niliamini hivyohivyo. Mwenyekiti naye, nadhani, aliamini kwamba wenye vitu watasema.

Nikamwuliza mafundi wengine waliweka wapi mapipa yao. Akaanza kunihesabia kwa kidole, kutoka pale tulipokuwa: kwa fulani, chini ya ukuta ulioanguka, kwa fulani, nyuma ya mashine. Akakatiza kabla ya kumaliza.

"Wamesikia redio vilevile," alisema.

Nikarudi nyumbani, na leo tangu asubuhi nipo mbele ya karatasi hii. Wenzangu kazini wameniuliza mara tatu habari iko wapi. Naweza kuandika "chanzo bado kinachunguzwa." Ni sentensi sahihi. Nimeitumia mara nyingi kwa mambo ya watu wengine, na sikujua ina uzito gani kwa mtu aliyelala hospitalini akisubiri imtaje au isimtaje. Paluku ana watoto watatu. Hajawahi kuiba hata waya. Nikimtaja, mimi dada yake, polisi wa kwanza kumfikia atakuwa amenisikia mimi redioni.

Sijui ungefanya nini. Hapana, ngoja niandike ukweli: najua ungefanya nini, na ndiyo maana nimechelewa.

*

Papa, niliacha barua hapo saa saba, Paluku alipobisha mlango. Sasa ni saa kumi na moja. Nitaandika yaliyotokea.

Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Hakukaa. Aliniambia amezunguka kwa mafundi wote asubuhi hii, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja sasa amesimama kwenye kiwanja chake mwenyewe. Hakuna kamiyo inayopakia chochote upande wa karakana mpaka mapipa yatoke, kavu, moja-moja. Mmoja alimtukana kwamba anawaletea polisi. Wengine walienda kuchota mchanga.

"Kesho saa nne nitaenda kule kwenye mkutano," alisema. "Nitasema ni yangu. Lakini siwezi kwenda kule kabla sijaenda kwa Mama Zawadi. Na peke yangu siwezi."

Tulipanda pikipiki moja, mimi nyuma yake, kama zamani.

Mama Zawadi alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Uso umefungwa, mikono imefungwa, macho tu na mdomo. Mimi sikumkumbuka, lakini yeye alitukumbuka. Paluku alipojitaja, Mama Zawadi alisema, "Najua. Babako alinitengenezea mbabula ya kupikia. Mpaka leo inashika makaa."

Paluku alipiga magoti kando ya kitanda, kwa sababu hakukuwa na kiti, nadhani, ingawa sina hakika.

"Mama," alisema, "mule kwenye vifusi mulikuwa pipa yangu. Ilikuwa na karbire, mawe ya kuchomelea. Maji ikiingia inatoa gesi. Sikuwaambia. Nilipashwa kuwaambia."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alipunguza redio yake.

"Maji?" alisema Mama Zawadi.

"Maji tu, mama. Haukufanya kitu kibaya. Pipa yangu ndiyo ilikuwa mubaya."

"Walikuja hapa na karatasi," alisema. Alisema polepole kwa sababu ya midomo. "Waliniuliza petroli nilinunua wapi. Nikasema sikununua. Wakaniuliza tena, labda bido ilikuwa ya mutu mwingine, labda nilichanganya. Wakauliza mpaka nikaanza kuitafuta kichwani, nani aliniuzia. Jana nilikuwa karibu kumpata."

Paluku akainamisha kichwa kwenye shuka. Mama Zawadi hakumtazama. Alinitazama mimi, mwenye daftari, kana kwamba ni mimi niliyepaswa kuliandika neno lake bila kosa.

"Andika ilikuwa maji," aliniambia. "Nilikunywa kwanza, juu kiu ilinishika. Kisha nikampa Bahati naye akakunywa."

Nimeliandika kama alivyolisema, Papa, na ndilo litakalofungua habari yangu. Jina la Paluku limo, kwa ruhusa yake. Jina langu limo vilevile, mahali panapotajwa nani aliisoma komunike na swali gani hakuliuliza. Sijui kesho kamati itaamua nini. Sijui kama Paluku atarudi nyumbani jioni au atalala kwa polisi. Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele, na safari hii nitauliza vitu gani, kimoja kimoja, kwa majina yake.

Lala salama huko uliko, Papa. Sisi kesho tunakwenda kule.

Mtoto wako wa kwanza,
Masika